Seva ya Minecraft iliyokua inakufa saa tisa usiku ndani ya kontena ya LXC, kisa kizima

Kwa karibu wiki mbili seva yetu ya Minecraft ilikua inakatika usiku, asubuhi naamka nakuta meseji za wale wanaokesha, "tumetupwa nje", "nimerudi sanduku halina vitu nilivyoweka", na mimi nikifungua logi sioni kosa lolote. Naandika kwa urefu kwa sababu nilipokua natafuta jibu kila niliyemuuliza alisema ongeza RAM, nikaongeza, na kule kuongeza ndio kulikonichelewesha kuuona ukweli.

Mazingira kwanza ili tuelewane. Mashine moja ndogo yenye RAM 16 GB inaendesha Proxmox (mfumo wa kuendesha kontena na mashine pepe nyingi juu ya mashine moja), juu yake kuna kontena kadhaa za LXC, yaani vyumba vya Linux vilivyotenganishwa, moja ndio ya gemu. Nilichagua kontena badala ya VM kwa sababu VM (mashine pepe kamili) inakuja na kerneli yake, kiini cha mfumo, na inashikilia RAM yake, LXC inatumia kerneli ileile ya hosti, yaani ya mashine yenyewe, inawaka kwa sekunde chache na kisichotumika wanatumia wengine, kwa mashine ya saizi hii tofauti inaonekana. Kontena yenyewe ni ile ya anprivileji, yaani root (msimamizi mkuu) wa ndani ukimtazama kutoka kwenye hosti ni uid (namba ya yuza) 100000 tu asiye na nguvu, na Java inaendeshwa na yuza wa kawaida nimemwita gemu. Hapo silegezi kabisa tangu Desemba 2021 ilipotoka ile Log4Shell, tundu la usalama kwenye maktaba ya logi ya Java, mtu alikua anaandika meseji kwenye chati ya gemu na kupitia hiyo meseji tu anaendesha kodi yake kwenye seva ya watu. Seva ya gemu ni mlango uliofunguliwa kwa watu wa nje, ikae chumba chake.

Kontena niliipa 4096 MB na swap 512 (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), Java inayoendesha gemu nikaipa -Xmx2560M (kikomo cha kumbukumbu yake kuu), wachezaji ni sita mpaka kumi. Mpangilio huo ulienda zaidi ya mwaka kwenye Debian 12 bila neno. Alafu nikatengeneza kontena mpya ya Debian 13, nikahamisha foda la dunia, server.properties, faili la systemd (kinachowasha na kusimamia huduma) na skripti yangu ya bakapu kama zilivyo, nikawasha, ikawaka, wiki tatu mambo safi. Ndio maana shida ilipoanza sikuwaza kabisa habari ya kuhama, nilijiambia kama kuhama kungekua na tatizo lingejitokeza siku ileile.

Usiku wa kwanza ikafa saa tisa na dakika nne. Systemd ikaiwasha tena baada ya sekunde kumi, watu wakarudi, lakini asubuhi wakalalamika inalegi, na jioni ikafa tena. Nikairestati huduma ya gemu peke yake, saa moja haikuisha ikafa. Nikarestati kontena nzima, ikakaa vizuri mpaka usiku, saa tisa na dakika chache ikafa. Hiyo tofauti ya kurestati huduma na kurestati kontena ilikua ndio jibu lenyewe limekaa mbele yangu na mimi nikalipita. Huduma ikizimwa, Java yote inatoka na RAM yake yote inarudi. Kwa hiyo kama kuzima Java hakusaidii na kuzima kontena kunasaidia, maana yake kuna kitu kingine ndani ya kontena kimeshika RAM na hakitoki Java inapotoka. Ningekaa dakika tano na karatasi ningefika, badala yake nikaenda moja kwa moja kwenye plagini, zile programu ndogo za kuongezea seva, nikaanza kuzitoa mojamoja.

Plagini hazikua na kosa. Nikapandisha -Xmx ikawa 3072M, ikafa mapema zaidi ya mwanzo. Na hilo lina sababu, -Xmx ni kikomo cha hipu tu, pale Java inapoweka chanki (vipande vya dunia) na vitu vya gemu, nje ya hipu kuna kodi iliyokompailiwa, taarifa za klasi, staki za kila threadi, bafa za mtandao, kwangu mimi zote zilikua kama nusu GB. Kwa hiyo Xmx ya 3 GB kwenye kontena ya 4 GB inakuachia kama nusu GB hivi kwa kila kitu kingine, na kadiri unavyoipandisha ndivyo unavyopunguza nafasi ya wengine humo ndani.

Basi nikaipa kontena 6 GB na Xmx ikawa 4G. Usiku ule ikapita. Wa pili ikapita. Usiku sita mfululizo ikapita, nikawaambia watu imekwisha, nikaacha hata kuangalia. Usiku wa saba, saa tisa na dakika sita, ikafa.

Hapo ndio nikaacha kubahatisha na nikaanza kuuliza swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza, seva hii inakufa kifo cha aina gani? Kwa sababu seva ya Minecraft ya Java haifi kwa njia moja, na karibu kila njia inaacha alama yake. Hipu ikijaa unaona `OutOfMemoryError` kwenye logi. Tiki moja (hatua moja ya gemu) ikizidi ile max-tick-time, ambayo kwa kawaida ni 60000 yaani sekunde sitini, mlinzi wa ndani ya gemu anaizima mwenyewe na kuacha ripoti kwenye foda la crash-reports. Java yenyewe ikianguka inaacha faili linaloanza na hs_err_pid. Nikatafuta zote tatu, hakuna hata moja. Angalizo kwa anayetafuta, latest.log inaanzishwa upya seva ikiwaka, logi ya kifo iko kwenye lile faili la .log.gz lenye tarehe, mimi siku za mwanzo nilikua nasoma logi ya seva mpya nikishangaa mbona ni safi.

Nikafungua ile .gz, mistari ya mwisho ikawa hivi:

`Can't keep up! Is the server overloaded? Running 5231ms or 104 ticks behind`

alafu mwingine kama huo, alafu kimya. Gemu inatakiwa iende tiki 20 kwa sekunde, kila tiki milisekunde 50, hapo imebaki nyuma tiki 104 saa tisa usiku na ndani kuna watu wawili tu. Haijaaga, haijaandika "Stopping server", imekatwa katikati. Kifo kisichoacha alama upande wa aliyekufa ni kimoja, kuuliwa na kerneli kwa ishara ya 9, ile ambayo programu haipewi hata nafasi ya kujibu. Nikaangalia upande wa systemd:

`journalctl -u gemu --since "03:00" --until "03:15"`

na jibu lilikua pale tangu siku ya kwanza, `A process of this unit has been killed by the OOM killer`, chini yake `Failed with result 'oom-kill'`. Kwenye hosti nako dmesg ilikua na `Memory cgroup out of memory: Killed process`, jina java. OOM ni kuishiwa RAM, na neno la kushika hapo ni Memory cgroup, yaani kundi la michakato lenye kikomo chake cha RAM. Hosti ilikua na RAM ya kutosha kabisa, kilichojaa ni kikomo cha kontena peke yake, na kerneli ikija kuua ndani ya kikomo hicho inamchagua mkubwa kuliko wote, ambaye kwenye kontena ya gemu siku zote atakua Java, hata kama aliyejaza ni mwingine.

Sasa mwingine ni nani? htop ilionyesha Java imeshika 3.7 GB hivi, sshd na systemd ni makombo, ukijumlisha michakato yote haifiki 4 GB, na kontena inasema imebakiza kidogo sana kwenye 6. Kuna kama 2 GB hazina mwenyewe. Kwenye `free -h` zilikua zimekaa kwenye buff/cache, na mimi kama wengi nimezoea kwamba hiyo ni kashe ya diski, ikihitajika kerneli inaiachia, kwa hiyo nikawa nairuka kila mara. Jicho likaja kuangukia kolamu ya pembeni yake, shared, 2.0Gi. Seva ya gemu ina shared ya 2 GB ya nini?

`grep '^shmem ' /sys/fs/cgroup/memory.stat`
`shmem 2149580800`

Shmem ndio hiyo RAM ya shared, na kubwa namna hiyo, isiyo ya mchakato wowote, kwa kawaida ni faili limekaa kwenye tmpfs, foda linalokaa kwenye RAM. Nikapiga df:

`tmpfs  7.8G  2.0G  5.8G  26% /tmp`

na ndani ya /tmp, faili moja, dunia na tarehe ya usiku uliopita, .tar.gz. Bakapu yangu mwenyewe.

Nieleze vizuri maana hapa mambo matatu yamekutana na kila moja peke yake halina ubaya.

La kwanza, kuanzia Debian 13, /tmp kwa chaguo la kawaida ni tmpfs, yaani foda linalokaa kwenye RAM na sio kwenye diski. Maelezo ya toleo yamesema hilo wazi kabisa, mimi ndio sikuyasoma, na kwenye Debian 12 skripti ileile ilikua inaandika kwenye diski. Ukubwa wake umewekwa nusu ya RAM, lakini nusu ya RAM ipi? Kerneli inapopiga hiyo asilimia inatumia RAM ya mashine nzima, haitazami kikomo cha kontena. Ndio maana kontena ya 6 GB ina /tmp ya 7.8. Iliponiambia nafasi iliyobaki ni 5.8G ilikua inahesabu RAM ambayo kontena haina ruhusa ya kuigusa. Na kila kilichoandikwa humo kinahesabiwa kwenye kikomo cha kontena iliyoandika. Tofauti na kashe ya diski, kerneli haiwezi kukitupa, kwa sababu hakuna nakala yake mahali pengine, inaweza tu kukisukuma kwenye swap, na swap ilikua 512 MB.

Ile "Can't keep up" kabla ya kifo ndio hiyo sasa. Tar inavyokua kwenye /tmp, kerneli inatafuta nafasi, inasukuma vipande vya hipu ya Java kwenye swap, alafu kisafishaji cha Java kinakuja kupita hipu nzima na kukuta baadhi ya vitu viko diski, kila kimoja kinasubiriwa. Seva haikua imezidiwa na wachezaji.

La pili, dunia ilikua inakua. Nilipohama ilikua 700 MB. Wiki ya tatu wachezaji wawili wakapata elytra, yale mabawa, wakaanza kuruka mbali kutafuta miji, na kila sehemu mpya wanayopita gemu inazalisha chanki na kuziandika kwenye mafaili ya .mca, faili moja ni chanki 32 kwa 32. Ndani ya siku chache ikafika 1.5 GB, na chanki ndani ya .mca tayari zimebanwa, kwa hiyo ile gz yangu ilikua inakula CPU bila kupunguza cha maana. Hesabu za usiku wa kwanza: hipu 2.5, nje ya hipu nusu, hiyo ni 3, bakapu 1.5, jumla 4.5, na vitu vidogovidogo vya mfumo, wakati kikomo na swap pamoja ni kama 4.5. Nilipopanua mpaka 6 GB nikala nafasi yote mwenyewe kwa Xmx ya 4G, ikabaki nafasi ya bakapu ya 2 GB hivi, na wale jamaa wakaendelea kuruka, siku dunia ilipofika 2 GB tukarudi palepale. Usiku sita wa amani ulikua ni muda wa kuruka tu.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Skripti ilikua hivi, kwa kifupi (rcon inatuma amri kwa seva, save-off inaisimamisha isijisevi, tar inafunga mafaili yawe moja, rsync inalipeleka kwenye mashine nyingine, `set -e` inakata skripti kosa likitokea):

```
set -e
rcon save-off
rcon "save-all flush"
tar czf /tmp/dunia-$(date +%F).tar.gz world
rcon save-on
rsync /tmp/dunia-*.tar.gz hifadhi:/bakapu/
rm /tmp/dunia-*.tar.gz
```

Fuatilia kinachotokea Java ikiuliwa katikati ya tar. RAM inaachiwa, kwa hiyo tar yenyewe inaendelea na inamaliza vizuri. Inafuata `rcon save-on`, seva imekufa, hakuna wa kujibu, rcon inarudisha kosa, na `set -e` inaikata skripti palepale. rsync haijafika zamu yake. rm haijafika zamu yake. Faili linabaki /tmp, yaani linabaki kwenye RAM, systemd inawasha Java mpya ndani ya kontena ambayo 2 GB zake zimeshikwa tayari, Java inaanza ndogo inakua taratibu mchana kutwa na jioni watu wakijaa inagonga ukuta. Ndio maana kurestati huduma hakukusaidia kitu na kurestati kontena kulisaidia, kontena ikizimwa tmpfs inapotea na faili lake.

Na bakapu? Nikaenda kwenye mashine ya hifadhi nikahesabu. Kati ya usiku 12 zilikua zimefika 6, zile za usiku sita wa amani. Usiku wowote seva ilipokufa, nakala haikufika, na nilikua naifuta kwa mkono wangu kila nilipokua narestati kontena. Watu wamejenga mle zaidi ya mwaka, kuna mmoja amejenga msikiti mzima jiwe kwa jiwe, na mimi nilikua nawaambia msijali bakapu ipo. Hilo nililichukulia kwa uzito kuliko vifo vyenyewe, nikawaambia wote siku hiyohiyo.

Marekebisho sasa. Ningeweza kuzima tmpfs ya /tmp kwa `systemctl mask tmp.mount` na kurestati, na kwenye kontena hii nimefanya hivyo kweli, kwa sababu sitaki plagini yoyote kesho ije kuandika faili kubwa /tmp na kunirudisha huku. Lakini dawa yenyewe ni bakapu isipite kwenye RAM wala kwenye diski ya kontena. Nimeunganisha foda la hosti moja kwa moja:

`pct set 105 -mp0 /tank/bakapu,mp=/mnt/bakapu`

Ukifanya hivi kwenye kontena ya anprivileji mara ya kwanza foda litaonekana ni la nobody na utakataliwa kuandika, usikimbilie chmod 777. Yuza gemu ndani ni uid 1000, kwa hosti ni 101000, kwa hiyo kwenye hosti unapiga `chown 101000:101000 /tank/bakapu` na imeisha. Kutoka hapo hosti ndiyo inayopeleka nakala kwenye mashine ya hifadhi, kontena haihusiki tena.

Skripti nimeigeuza:

```
F=/mnt/bakapu/dunia-$(date +%F).tar
trap 'rcon save-on || true; rm -f "$F.part"' EXIT
rcon save-off
rcon "save-all flush"
tar cf "$F.part" world
mv "$F.part" "$F"
```

`set -e` iko palepale juu. Trap inahakikisha save-on inaitwa hata kitu kikikatika katikati, maana kuna hatari nyingine ambayo sisi ilitupita kwa bahati, seva ikiwa hai na skripti ikafa baada ya save-off, gemu inabaki haijisevi mpaka mtu agundue, na watu wanacheza tu humo hawajui. Faili linaandikwa likiwa .part na linabadilishwa jina likikamilika, kwa hiyo nikiona .tar najua ni nzima. Ile z ya `tar czf`, yaani kubana, nimeitoa. Kuna na mstari mdogo wa cron (kinachoendesha kazi kwa ratiba) saa nne asubuhi unaotafuta kama kuna .tar ya ndani ya siku moja, ikikosekana meseji inakuja kwenye grupu letu, wote waione sio mimi peke yangu.

RAM nimeirudisha 4096 na Xmx 2560M, kama ilivyokua mwanzo. Wadau wawili wameniambia niache 6 kwa usalama. Sikubaliani nao, hosti ina kazi nyingine, na kontena yenye nafasi ya ziada ingenificha kosa kama hili kwa miezi mingine, lingekuja kutokea dunia ikiwa 4 GB. simulation-distance nimeshusha kutoka 10 mpaka 8, hiyo haihusiani na kisa hiki, ni kwa ajili ya mashamba ya wanakijiji yanayokula tiki.

Usiku wa kwanza baada ya hapo nilikesha. Saa tisa kamili save-off, tar ikaanza, nikawa napiga ile grep ya shmem kila baada ya sekunde kadhaa, ikakaa kwenye MB chache tu na haikusogea, namba ya file kwenye memory.stat ileile, yaani kashe ya diski, ndio ilipanda kwa sababu tar inasoma mafaili, alafu ikashuka yenyewe kerneli ilipotaka nafasi, kama kashe inavyotakiwa kufanya. Dakika moja na nusu tar imeisha. Waliokua ndani walikua wanachimba tu, nikawauliza kwenye chati kama wamehisi chochote, wakasema hapana.

Asubuhi nikachukua ile .tar nikaifungua kwenye kontena nyingine ya majaribio, server-port nikaweka 25566 ili nisichanganye na ya kweli, nikawasha na kuingia. Nikatembea mpaka kwa yule jamaa aliyelalamika sanduku lake siku ya kwanza, nikalifungua, almasi 41 na sururu mbili, nikampigia picha nikamtumia.